Mwaka Tuliomfukuza Kocha Ochwo

Siku tuliyomfukuza Kocha Ochwo tulikuwa watu saba sebuleni kwa Mzee Mangeni. Mzee Mangeni mwenyewe, mwenyekiti wa klabu, alikaa kwenye kiti chake chenye kitambaa cha kufuma. Egesa, katibu, aliyekuwa akiwajazia madereva wa malori fomu za mpakani, alikaa mezani na daftari. Auma, muuza nyanya ambaye hakuwahi kukosa mechi, alikaa karibu na dirisha, kikapu kati ya miguu. Sanya wa bodaboda alisimama mlangoni ili aendelee kuiona pikipiki yake. Kocha Ochwo alipewa stuli. Mdogo wangu Wandera, winga wa kulia, alikaa mkekani, na mimi Nafula, mpishi wa timu, nilikaa kando yake. Nawataja wote kwa sababu neno lililomfukuza yule mtu lilitoka kinywani mwangu, na hao ndio waliolisikia.

Mzee Mangeni tumemzika majuzi kwao Bulumbi. Nilikuwa jikoni na wanawake wengine, mikono imejaa unga, nilipomwona mtu mrefu mwembamba akiingia uani kwa hatua za taratibu, akitazama ardhi kama anayekagua uwanja kabla ya mechi. Kichwa kilikuwa cheupe kabisa. Nilimjua kwa mwendo: Kocha Ochwo. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha wala aibu. Nilijiuliza: huyu amefuata nini hapa? Ndilo swali nililojiuliza pia siku ya kwanza alipoinamisha kichwa kuingia katika kibanda changu cha chai, na miaka yote hii haikunifundisha swali lingine.

Jinsi sisi ndugu wanne tulivyobaki bila wazazi si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba mimi ndiye mkubwa, kwamba niliacha shule kidato cha pili, na kwamba nilipika chai, chapati na maharage karibu na egesho la malori, Busia upande wa Uganda, mahali ambapo madereva walisubiri siku mbili tatu kabla ya kuvuka. Tulilala katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzee Mangeni, leso ikiwa imetundikwa katikati, wasichana huku na wavulana kule. Ukutani juu ya kitanda cha Wandera ulikuwapo msumari mmoja, na kwenye msumari huo zilining'inia njumu zake, zimesafishwa hata kama hazikuchezewa. Mwaka ule alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakukuwa na njia ya kwenda cha tano isipokuwa moja. Shule fulani ya Tororo iliwasomesha bure vijana wachache wenye mpira miguuni, na mwalimu wake wa michezo alikuwa ameahidi kuja kumtazama Wandera katika mechi ya mwisho wa msimu. Sikuwa na mpango mwingine. Nilimwambia mwenyewe, "Wewe cheza. Mengine niachie."

Klabu yetu, Mpakani Rovers, ilikuwa na desturi zake. Usiku wa kuamkia mechi wachezaji walilala pamoja katika ghala la mahindi la Mzee Mangeni, mlango umefungwa kwa kufuli, ili asije mtu kuwanunua au kuwatilia kitu. Siku ya mechi walikula pamoja, na chakula kilipikwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa mimi. Kabla nahodha hajaosha mikono, nilisimama mbele ya wazee wa mashabiki, nikachota kijiko kwenye kila sufuria, nikala huku wananitazama koo. Tukangoja kidogo. Auma angesema, "Hajaanguka, kuleni," watu wangecheka, na vijana wangeanza kumega obusuma, ugali wetu mweusi wa wimbi na muhogo, kwa samaki. Tulicheka, lakini hakuna mchezaji aliyewahi kugusa chakula kabla yangu. Kuonja kulikuwa cheo changu. Mtu aliyeacha shule akiwa msichana mdogo hana vyeo vingi, na hicho nilikipenda.

Kocha wetu wa zamani, Barasa, alivuka kwenda kufundisha ng'ambo, upande wa Kenya, na Mzee Mangeni akatuletea huyu Ochwo. Alitoka Rubongi, kwa Wajadhola. Rubongi ni Tororo, na timu ya Tororo ndiyo tuliyokuwa tukigombana nayo kila mwaka nafasi ya kupanda daraja. Habari ilifika kibandani kwangu kabla yake. "Mjadhola wa Rubongi aje kutufundisha kumfunga ndugu yake?" Sanya aliuliza, chapati mdomoni. "Mimi naambia nyinyi, huyu mtu iko na kitu." Egesa akamjibu bila kuinua macho kwenye fomu zake, "Wewe mke wako ametoka Tororo, na bado unakula kwake." "Mke wangu hana timu," alisema Sanya.

Wiki ya kwanza Kocha Ochwo aliwafundisha bila mpira. Walikimbia, walisimama, walielekezwa wapi pa kusimama, mpira umefungiwa kwenye mfuko. Mashabiki walikuja kutazama mazoezi na kurudi wamenuna. Wiki ya tatu tukaanza kushinda, na ushindi nao ukawa neno. Tulishinda bao moja bila. Tukashinda tena bao moja bila. Tukashinda mara ya tatu, vivyo hivyo. "Mtu gani anashinda kwa kipimo?" Auma alilalamika, akiweka kikapu chake juu ya benchi langu bila ruhusa. "Barasa alikuwa anatupa mabao manne!" "Na tunafungwa matano," Egesa alisema. "Lakini tulikuwa tunaona mpira, katibu! Huyu anatuzoesha kidogo kidogo. Siku ya Tororo atatunyima hata hicho kidogo." Wapo waliompenda, nisiseme uongo. Akina mama wa wachezaji walimpenda kwa sababu alifuta ile desturi ya ghalani. Alisema mtu hulala vizuri kwenye kitanda chake. Lakini kwa wengine hilo lilizidisha mashaka. Kama hataki tuwafungie, alitaka nani awafikie?

Kisha akagusa chakula. Alikuja kibandani asubuhi moja, akaagiza chai isiyo na sukari, akaniwekea karatasi juu ya meza. "Dada Nafula, nakuomba siku ya mechi upike hivi." Wali. Mboga kidogo. Yai moja la kuchemsha kila mtu. Saa tano, na baada ya hapo wasile tena mpaka mpira uishe. Niliisoma mara mbili. "Kocha, hiki ni chakula cha mgonjwa." Alicheka. "Mgonjwa halali na jiwe tumboni. Wale wako wanakimbia na jiwe." Nilikasirika kwa ajili ya obusuma wangu, nikaikunja karatasi. Jambo la pili lilikuwa maji. Alikuja na jerikeni la manjano, akachanganya humo maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi na ndimu, mbele ya kila mtu, akitingisha. Mashabiki waliokuwa mbali waliona tu unga mweupe ukiingia. Ilikuwa siku ya mechi, nami nilikuwa nimesimama pale na kijiko changu, sijui nifanye nini. Yeye mwenyewe alijaza kikombe akanipa kwa mikono miwili. "Wewe ndiye mwonjaji. Mimi siwezi kuwapa kabla yako." Nikanywa. Yalikuwa matamu, kisha ya chumvi, kisha makali kidogo. Tangu siku ile kila mechi alinipa kikombe cha kwanza, na kila mara alingoja kando, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakingoja Barasa na wazee wa mashabiki.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilijua kilichokuwamo ndani ya jerikeni lile kuliko mtu yeyote katika Busia yote.

Siku ya mechi ya mwisho Tororo walikuja kwetu na malori mawili ya mashabiki. Sare ilitutosha kupanda. Nilipika wali saa tano kama ilivyoandikwa, nikaonja, wakala, wakatawanyika kupumzika makwao. Wandera alikuja chumbani akajilaza. Nilikaa mlangoni nikichambua mchele wa jioni, na ng'ambo ya ukuta nikawasikia Auma na Sanya wakiongea. "Umeona chakula yao? Yai moja! Dakika ya sitini watakuwa wameanguka wenyewe, hata hawajaguswa." "Ndiyo mpango wenyewe, mama. Tororo wamekula nyama leo, mimi nimewaona kule stendi. Nyama!" Niligeuka nikamtazama Wandera. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Nilifikiria yule mwalimu wa michezo, aliyekuwa tayari ameketi mahali fulani mjini akinywa soda, na kijana wangu aende mbele yake na yai moja tumboni kwa sababu mtu wa Rubongi ameandika karatasi. Nilikuwa na samaki aina ya kamongo wa kukaushwa kwa moshi niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya sherehe. Nilimpika kwa karanga za kusaga. Nikasonga obusuma mzito. Saa nane nikamwamsha.

"Dada, kocha alisema..."

"Kocha alikulea?"

Alikaa akala. Sikumwacha mpaka sahani ikawa nyeupe. Kila mara alipopunguza mwendo nilimwongezea mchuzi. Hakuwa mtoto wa kunibishia, hata alipokuwa amenipita urefu kwa kichwa kizima, na ninapokumbuka mwaka ule ni hilo linaloniuma zaidi: namna alivyonitii.

Uwanjani Kocha alinipa kikombe cha kwanza cha maji kama kawaida, nikanywa, na saa kumi mpira ukaanza. Dakika za kwanza Wandera alikimbia mara mbili, watu wakaimba jina lake. Mara ya tatu alisimama katikati ya njia, akainama, mikono kwenye magoti. Kisha akatapika pembeni mwa mstari, mbele ya benchi letu, karibu na viatu vya Kocha Ochwo. Kocha alimshika bega, akatazama chini kwa muda, akamtazama usoni, kisha akaita mchezaji wa akiba. Tulifungwa mawili. La pili lilitoka upande wa kulia, mahali Wandera alipopaswa kuwa. Firimbi ya mwisho ilipopigwa nilisikia neno likipita kutoka mdomo hadi mdomo, likikua kadiri lilivyopita: sumu. Maji. Jerikeni. Sanya alilipiga teke jerikeni lile likavingirika hadi kwenye wavu.

Jumatatu ndiyo tukakaa sebuleni kwa Mzee Mangeni. Chai ililetwa na hakuna aliyeigusa. Auma aliongea kwanza na kwa muda mrefu. Sanya akasema alimwona Kocha Alhamisi mbili akiteremka Tororo. "Nyumbani kwangu ni huko," Kocha alisema. "Mke wangu yuko huko. Nilikuwa nakwenda kumwona mke wangu." "Kila Alhamisi?" "Wewe wako unamwona mara ngapi?" Egesa alicheka, akajizuia. Mzee Mangeni aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa amepasuliwa kioo cha dirisha Jumamosi usiku na mashabiki wake mwenyewe. Alinigeukia. "Nafula, mwanangu. Hapa wote tunabahatisha. Wewe ndiye unayeonja. Yale maji ya Jumamosi, uliyaonja?"

Nilifikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema niliyaonja na yalikuwa salama, swali la pili litakuwa: basi kijana alikula nini? Wataniona. Watasema Nafula ndiye aliyetunyima kupanda. Tutatolewa chumbani. Na yule mwalimu wa Tororo akisikia kwamba Wandera ni mchezaji anayekula kwa siri, asiyesikia maagizo, atafunga daftari lake. Wandera alivuta pumzi kando yangu kama anayetaka kusema. Nikamkanyaga mguu.

"Sikuyaonja," nilisema. "Siku ile alinikataza."

Auma alisema tu, polepole, "Mmesikia." Kocha Ochwo alinitazama. Nilitegemea akatae, aniite mwongo, na nilikuwa nimejiandaa kulia, maana machozi ya yatima huaminiwa. Badala yake alimtazama Wandera, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anavyomzuia mchezaji asikimbie mapema. Kisha akasimama. "Kama mpishi anasema hivyo," alisema, "mimi sina la kuongeza." Alimpa Mzee Mangeni mkono, akainama kupita mlangoni, na Sanya akasogea mbali ili nguo zao zisigusane.

Baada ya wiki tatu Wandera aliitwa Tororo. Nilimsindikiza nikiwa nimebeba godoro kichwani, nikiamini ni miguu yake iliyomfikisha. Ofisi ya mwalimu wa michezo ilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya nyavu zilizolowa, na dirisha lake lilitazama vilima vya Osukuru. Alitupa viti, akasema, "Kusema kweli mimi niliondoka mapumziko. Kijana anayetapika dakika ya ishirini, nimchukue wa nini? Ni kocha wenu aliyekuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa wewe, mama. Akaniambia kosa lilikuwa lake, alimpa kijana chakula kibaya. Akasema, nilaumu mimi, yeye mchukue." Nilimshukuru. Nilisema asante nyingi sana, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika.

Nje, chini ya ukingo wa paa, Wandera aliniambia yaliyobaki. Alikuwa amemweleza Kocha kila kitu siku ile ile ya mechi, katika darasa tulilolitumia kubadilishia nguo. Kamongo, karanga, yote. "Hakukasirika?" niliuliza. "Alisema amenusa mwenyewe. Halafu akasema nisimwambie mtu, mpaka nipate shule." Alichukua godoro kutoka kichwani kwangu. "Alijua, dada. Kabla hujafungua mdomo pale kwa mzee, alishajua."

Mtu mwingine angekwenda Rubongi siku hiyo hiyo, si mbali. Mimi nilirudi Busia nikiwa na mashaka mapya. Kwa nini alifanya vile? Hakuna mtu aliyewahi kutupa kitu bila kurudi kukidai, na hiki kilikuwa kikubwa mno. Nilimngoja aje. Kila gari la Tororo lilipoteremsha abiria karibu na kibanda nilitazama kwanza kama yumo. Mwaka ukapita, ikapita mingine. Wandera akamaliza, akawa mwalimu, akaoa. Wadogo wengine wakasoma kwa mgongo wake. Kocha hakuja. Nilisikia kwamba hakuna klabu iliyomchukua tena, Busia wala Tororo, kwa sababu habari ya maji ilivuka haraka kuliko bidhaa. Kwamba alirudi kulima mihogo. Niliposikia hivyo nilijiambia labda alikuwa na makosa mengine tusiyoyajua. Nilihitaji awe nayo. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba katika habari hii yote mtu aliyestahili kushukiwa alikuwa mmoja, naye alikuwa ameshika kijiko.

Basi majuzi, Bulumbi, nilimwona ameketi peke yake kwenye benchi la watu sita. Watu walikuja, wakamtambua, wakaenda kusimama juani. Jikoni Auma, ambaye sasa hana meno ya mbele lakini sauti ni ile ile, aliwaambia wanawake, "Chungeni sahani zenu, mwenye jerikeni amefika," wakacheka hata wale ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa. Nilipakua ugali na nyama nikampelekea mwenyewe. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso.

"Dada Nafula. Wandera hajambo?"

"Hajambo, Kocha. Ana watoto wawili."

"Bado anakimbilia nje hata nafasi ikiwa ndani?"

"Siku hizi hakimbii. Ana kitambi."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikakaa pembeni ya benchi, nikaanza, "Kocha, siku ile kwa mzee..." Akaweka mkono juu ya sahani kana kwamba nilitaka kumwongezea. "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo." Akamega tonge, akalitazama. "Mwanangu wa pili naye ni kocha. Ameomba timu yenu mwaka huu. Katibu alimpokea vizuri, mpaka alipouliza jina la baba yake." Nikamwuliza, maana sikuweza kujizuia, kama ndilo lililomleta. "Nimekuja kumzika Mangeni," alisema. "Alinipa kazi wakati wenzake hawataki. Hilo nalikumbuka kabla ya lile lingine."

Wakati wa salamu za rambirambi, Egesa, ambaye bado ni katibu, alishika kipaza sauti akasema klabu itawakilishwa na mpishi wake wa siku nyingi. Nilisimama. Nilisema kuhusu chumba alichotupa marehemu, kuhusu ghala la mahindi, watu wakacheka pale pa kucheka. Sanya alikuwepo, Auma alikuwepo, wote walionisikia siku ile na bado wako hai walikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi. Kocha Ochwo alinitazama bila kunihimiza. Nikasema, "Asanteni kwa kuja," nikakaa. Nilipoinua macho alikuwa ameweka sahani yake, tupu, juu ya benchi, na alikuwa anatembea kuelekea barabarani.

Nimeandika haya ili nisiweze tena kusema nimesahau. Lakini kuandika hakusikiki na mtu. Jumapili kamati inakutana kuchagua mwenyekiti mpya na kuamua juu ya kocha, na jina la Ochwo mdogo liko kwenye daftari la Egesa, kwa penseli. Jana Egesa alinipigia simu kuuliza kama nitawapikia. Nikamwambia nitapika. Akauliza kama kuna jambo lingine. Nikakaa na simu sikioni muda mrefu, mpaka akafikiri mtandao umekatika, akakata yeye.